Kingo za Mashua ya Mzee Okelo

Simu ilipoita nilikuwa nimeinamia simu ya mteja, kioo kimefunguliwa, nikaiacha iite hadi mara ya tatu. Mwanamke wa upande wa pili aliniuliza kama mimi ndiye Nyar Awasi. Wateja wananiita Mama Simu, na kanisani mimi ni Dada Rosa. Ni mtu mmoja tu aliyewahi kuniita binti wa Awasi, na alifanya hivyo kwa sababu hakutaka kujisumbua kushika jina lingine. Nikaijua habari kabla haijasemwa. Aliyepiga alikuwa binti wa mtu huyo. Alisema Mzee Okelo alipumzika juzi nyumbani Usenge, macho yalikuwa yameshakwisha kabisa lakini masikio alikuwa nayo hadi siku ya mwisho, na kwamba jina langu amelikuta katika simu ya mzee ya vibonye, la nne kati ya majina kumi na moja. Nilimpa pole, nikamshukuru, nikakata. Kisha nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nifungue duka langu mwenyewe: niliacha simu ya watu wazi mezani, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi kama mtu aliyefungiwa nyumba. Nimevuka arobaini. Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na ishirini na mitatu, na sijawahi kumsimulia mtu, kwa sababu ni mwaka nilioharibu kitu kizuri kwa kujifanya mwema.

Sitaeleza kilichonileta Kisumu. Kila mtu ana lake alilolikimbia. Nilikuwa nimejifunza kutengeneza simu, nikapata meza ya upana wa mkono mmoja katika kichochoro cha duka la vipuri mjini, na kwa kuwa kodi ya mjini haikuwa ya watu wa aina yangu, nikapanga chumba Kisian. Kilikuwa na kitanda, stovu ya mafuta taa, sufuria mbili, ndoo, na kiti kimoja. Nilinunua kimoja kwa sababu sikuona nani angekalia cha pili. Dirisha lilitazama ukuta. Nyuma ya ukuta mwingine, mwembamba, waliishi mume na mke waliooana karibuni, na kila jioni nilikula ugali na omena nikiwasikiliza. Nilijua wamekula nini. Nilijua kwamba mume anataka mtoto aitwe jina la mama yake na mke hataki hata kulisikia. Jioni moja yule mume alisema upuuzi mkubwa mno hivi kwamba nilimjibu kwa sauti, tonge likiwa mdomoni. Walinyamaza ghafla, na wiki nzima wakawa wananong'ona. Niliona haya, ndiyo, lakini zaidi nilikasirika kwamba wamenizimia redio yangu. Huo ndio ulikuwa upweke wangu. Kazini nako si afadhali. Mteja huitazama simu yake, hamtazami anayeitengeneza. Kulikuwa na wiki zilizopita bila mtu hata mmoja kuniita kwa jina lolote.

Mwenye duka la vipuri alikuwa Bwana Jaswant, mzee wa Kisingasinga aliyekunywa chai ya maziwa yenye tangawizi saa nne kamili, mvua inyeshe au jua liwake. Mwezi wa tatu mwaka ule aliniwekea katoni mezani. Ndani yake mlikuwa na mashua ya plastiki ya urefu wa mkono, imepasuka kuanzia pua hadi katikati, na matumbo yake yote yakiwa mazima: mota, kontrola ya kugawa umeme, betri mbili bapa, propela ya shaba ndogo kuliko sarafu mbili, na rimoti. Aliniambia kwamba zamani walikuwa watu sita, wanashindanisha mashua kama hizo asubuhi za Jumapili, na yake ilifika kilomita sitini kwa saa. Sasa watano wamehamia ng'ambo na yeye anawafuata. "Wewe chukua yote," alisema. "Mimi naenda kwa binti yangu. Kule hakuna ziwa, iko mvua tu." Akanipa pia daftari lake la vipimo, na kifaa kidogo cha setilaiti kinachofungwa ndani ya mashua ili kurekodi mwendo wake mkubwa. Aliondoka baada ya wiki mbili. Nilibaki na katoni chini ya kitanda na ile namba kichwani, sitini, kama deni la mtu mwingine nililokubali kulipa.

Mwili mpya wa mashua sikuweza kuununua. Ndiyo maana nikateremka ufuoni chini ya Kisian, ambako nilikuwa nimeona kibanda cha fundi. Mzee Okelo alikuwa ameketi juu ya gogo, randa mapajani, hana anachoranda. Macho yake yalikuwa na ukungu. Aliona vivuli na mwanga, nyuso hakuziona. Watu walikuwa wameacha kumletea kazi, kwa maana nani atapanda mashua iliyoundwa na kipofu? Nilimweleza ninachotaka. Akauliza itabeba nini. Nikasema haibebi kitu. Akauliza itavua nini. Nikasema haivui. Akacheka kwa kifua. "Basi hiyo mashua iko na bahati," akasema. "Inaenda tu." Aliniuliza nimetoka wapi, nikasema Awasi, akasema watu wa Awasi wanajua miwa, hawajui maji. Kuanzia hapo nikawa Nyar Awasi.

Alifanya kazi majuma saba. Alipasua mbao za msonobari hadi zikawa nyembamba kama jalada la daftari, akazikunja kwa maji ya moto, akaziunganisha kwa gundi, na kila hatua aliisoma kwa kidole gumba cha kulia. Kidole hicho kilikuwa ndiyo macho yake. Nilienda kila Jumapili baada ya kanisa, nikimbebea chapati na maharagwe ndani ya bakuli lenye kifuniko, na tulikula kimya mara nyingi, kimya cha watu wawili, ambacho si sawa na cha mtu mmoja. Aliniambia waziwazi kwamba hii ndiyo ya mwisho. Binti yake alitaka arudi Usenge kabla macho hayajafunga, naye alikuwa amemwomba amwache kwanza amalize kazi moja itoke vizuri. Alipoimaliza aliipiga msasa hadi ikawa laini kama shavu. Kingo zote alizifanya za mviringo, za ubavuni na za nyuma, kwa sababu mashua ya ziwani huchongwa hivyo: wavu ukipita pembeni usinase, mkono wa mvuvi usikatike. Nilipitisha kiganja na sikukuta popote pa kukwaruza. Niliona fahari kama vile nimeiunda mimi.

Tukaanza kuijaribu mwezi wa sita. Nilifuata daftari la Bwana Jaswant kama msahafu. Nilinoa propela kwa tupa ndogo ya kazini na kuisawazisha juu ya sindano hadi isiegemee upande wowote. Nilipinda mrija wa kupitisha maji ya kupoza mota. Nilisogeza betri mbele, mashua ikazika pua majini. Nikairudisha nyuma, ikarukaruka kama ndama aliyefunguliwa. Nilibadilisha pembe ya ule mguu mdogo wa chuma unaoshika propela, nusu digrii juu, nusu digrii chini. Kila mashua iliporudi ufuoni nilifungua kifuniko nisome namba, na kila mara mzee aliuliza kwa Kijaluo neno lile lile moja, "Adi?", yaani ngapi. Arobaini na mbili. Arobaini na tatu. Arobaini na mbili. Mota ilirudi ya moto isiyoshikika, na betri moja ikavimba kama mandazi.

Jibu nililipata chumbani mwangu, katika kumimina chai. Nilikuwa namimina kutoka kwenye sufuria, na chai, badala ya kuingia kikombeni, ikazunguka ule mdomo wa mviringo, ikashika ubavu wa sufuria na kunimwagikia pajani. Ilikuwa hivyo kila jioni na kila jioni nilitukana. Lakini siku hiyo niliihamishia iliyobaki katika mkebe wa maziwa ya unga niliokuwa nimeukata kwa mkasi, nikamimina tena. Mdomo wa mkebe ulikuwa mkali. Chai iliruka moja kwa moja kikombeni, hata tone halikurudi nyuma. Niliweka mkebe chini polepole. Maji hukwama kwenye ukingo wa mviringo. Huuzunguka na kuuvuta. Mashua yetu ilikuwa inaburuta ziwa nyuma yake, na kilichoilazimisha iburute ni kile kile kilichoifanya iwe nzuri, yaani mkono wa Mzee Okelo.

Ningemwambia Jumapili hiyo hiyo na mambo yangekwisha. Sikumwambia, na nimekuwa na miaka mingi ya kujiuliza kwa nini. Sababu moja ilikuwa desturi ya mafundi wa mashua. Mzee alikuwa amenisimulia juu ya mteja aliyempelekea fundi mwingine mashua aliyoundiwa na mzee ili aipunguze ubavu, na tangu siku hiyo Mzee Okelo hakuigusa tena mashua ile wala kukaa kwenye boma la yule mtu. Mashua moja, mkono mmoja, alisema. Mkono wa pili ukiingia, wa kwanza hutoka. Sababu nyingine ilikuwa ile kazi ya mwisho aliyotaka itoke vizuri. Hizo ni sababu nzuri, na nilizikariri. Ya kweli ni kwamba niliogopa Jumapili bila yeye. Basi, kwa kuwa mashua ililala chumbani mwangu, nilikata vipande vyembamba kutoka kwenye plastiki ngumu ya vifuniko vya simu zilizokufa, nikavibandika kwa gundi nyuma na chini ya ubavu ili vifanye kingo kali, na Jumatano asubuhi, kabla ya kwenda mjini, nikaipeleka mashua upande wa pili wa mawe, ambako vijana huosha pikipiki.

Nilivuta kichocheo cha rimoti na mashua ikainuka. Sijui niseme vipi. Ilikuwa imelala tangu izaliwe na sasa ikaamka. Iligusa maji kwa kisigino tu, na mlio wake ukapanda ukawa mwembamba na safi. Niliizungusha mara tatu, nikaileta, nikafungua. Sitini na moja. Nilisimama na kifaa kiganjani nikatazama huku na huku, natafuta mtu. Kulikuwa na kijana mmoja anasugua gurudumu. Akaniambia hiyo kitu iko na kelele, akaendelea kusugua. Nilifurahi mno na nikaumia mno, vyote kwa pamoja, na nilipofika mjini nilijikata kidole kwenye kioo cha simu kwa kutoona vizuri kwa machozi.

Jumamosi nilibandua vile vipande, nikafuta gundi kwa asetoni, na Jumapili nikapeleka mashua laini. "Adi?" Arobaini na tatu. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki: Jumatano nabandika, Jumamosi nabandua, nikijipongeza kwa heshima yangu kwa wazee. Lakini mficha uchi hazai. Mwezi wa nane mzee alianza kupungua mbele yangu. Alichukua msasa akazidi kuzilainisha kingo, akidhani zimebaki na ukali mahali, kumbe anaimaliza kabisa. Namba ikashuka hadi thelathini na tisa. Aliniuliza, si mara moja, kama naona mkono wake umeisha. Nikasema hapana mzee, ni betri. Na Jumapili moja akaniuliza jambo jingine. "Kuna mtu mwingine ako na mashua kama hii, upande ule wa mawe," alisema. "Namsikia Jumatano. Yake inakimbia kuliko yetu. Hujamuona?"

Mimi mtu wa miwa sikujua kwamba maji ya asubuhi hubeba sauti. Alikuwa ameketi kwenye gogo lake kila Jumatano, anaisikiliza mashua yake mwenyewe na kumwonea wivu aliyeiunda. Nilikuwa na nafasi hapo, imefunguka kama mlango. Nilisema labda yupo, mimi sijamwona. Alitikisa kichwa, akasema huyo fundi anajua kazi, na hakugusa maharagwe yake.

Jumatano ya mwisho ya mwezi wa tisa nilikuwa nimeinua mashua kutoka majini nilipomwona anakuja. Alikuwa amezunguka mawe peke yake, fimbo mkononi, suruali imelowa hadi magotini, na alikuwa amevaa shati la kanisani. Hakunijua. Kwake nilikuwa kivuli kimesimama mahali mlio ulipokomea. Alisimama mbali kidogo, kwa adabu, akavua kofia.

"Samahani, mwanangu," alisema. "Mimi pia ni fundi wa mashua. Sikuja kukusumbua. Naomba kuguza kazi yako tu, nijue mimi nilikosea wapi."

Ningeweza kukaa kimya na kuondoka. Yule kijana wa pikipiki angedhani nini, haikunihusu. Miguu haikuondoka. Nilimwekea mashua mikononi. Alianza puani kama kawaida yake, gumba likateremka ubavuni taratibu, na katikati upande wa kushoto likakuta pale patasi ilipoteleza mwezi wa nne na kuacha kishimo kidogo alichokijaza kwa gundi na unga wa mbao. Likasimama. Likarudi pale tena. Kisha likaenda nyuma, likakuta ule ukingo mkali wa plastiki, na likabaki hapo.

"Nyar Awasi," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Tangu lini?"

Nikamwambia tangu mwezi wa saba. Akauliza, na Jumapili? Nikasema Jumamosi navibandua. Akawa anahesabu, niliona midomo yake, Jumapili moja moja, zile zote alizoniuliza juu ya mkono wake na mimi nikamjibu habari za betri. Sikulia, ingawa ingenifaa. Nilisema sikutaka kumvunja moyo.

"Watu wameniibia mbao," alisema, bila kupandisha sauti. "Wamekataa kunilipa. Mwingine alinipiga na kasia hapa begani. Lakini hakuna mtu amewahi kunihurumia. Wewe umenifanya mtoto."

Alinyoosha mkono nimshike, tukazunguka mawe hadi kibandani, na siku hiyo meza yangu mjini haikufunguliwa. Alibandua plastiki zangu kwa ncha ya kisu, moja moja, akazitupa kwenye majivu. Nilidhani anairudisha mashua kama ilivyokuwa. Badala yake alipapasa chini ya gogo akatoa kipande cha mvule alichokihifadhi sijui tangu mwaka gani, akaniambia nimweleze maji yanafanya nini pale nyuma, yote, bila kuruka. Nikamweleza habari za sufuria na mkebe. Alisikiliza hadi mwisho. Akapasua mvule vipande vyembamba, akavibandika, akaviranda, na kila alipojaribu kwa gumba, gumba lilimwambia ni kosa, maana miaka yake yote lilifundishwa kwamba kali ni mbaya. Mara mbili alijikata. Alifuta damu kwenye shati la kanisani na kuendelea. Jua lilikuwa utosini alipoitoa na kusema twende.

Tulikwenda mbele ya kibanda, mahali petu. Niliiachilia. Ilikimbia vizuri, ikiwa chini kidogo kuliko ya asubuhi. Mvule ni mzito kuliko plastiki, nyuma ilikalia maji. Yeye alielekeza sikio upande wa ziwa na kufumba macho, ingawa kwake kufumba na kufumbua vilikaribia kuwa kitu kimoja. Niliileta, nikaipangusa, nikafungua kifuniko.

"Adi?"

Nakumbuka kwamba nilitaka kusema sitini na mbili. Ilikuwa pale ulimini, tayari, tamu. Angeniamini pia, maana kifaa nilikisoma mimi.

"Hamsini na nane," nikasema.

"Na ile ya plastiki yako?"

"Sitini na moja."

Alikaa juu ya gogo lake. Nikadhani nimemmaliza kwa mara ya pili siku moja. Halafu nikaona mabega yanatikisika, anacheka kile kicheko chake cha kifua.

"Umenishinda na tatu," alisema. "Haya. Sasa ndiyo unaongea na mimi."

Binti yake alikuja kumchukua mwezi wa kumi, na kibanda kikafungwa kwa mnyororo. Kabla ya hapo tulipata Jumapili tatu, tukibishana juu ya uzito wa mvule na pembe ya propela, yeye akiniita mkaidi, mimi nikimwambia hasikii. Ni tatu tu, na nazihesabu vizuri. Kabla ya hizo tatu, tangu siku nilipoanza kubandika na kubandua, nilikuwa nimekaa kando yake Jumapili kumi na moja, tukila kutoka bakuli moja, na zote hizo nilizikaa peke yangu.